Kitanzi cha Mbele na Kitanzi cha Nyuma

Wengi wenu mmeuliza kwa nini ukurasa ulikaa kimya kwa wiki sita. Nilikuwa safarini bara, katika mji wa Sotik, kumlea binti yangu aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Nimerudi nyumbani Mombasa salama, alhamdulillah, na sikurudi mikono mitupu. Nimerudi na elimu ya kufuma kwa sindano mbili. Leo nataka kuigawa kwenu kama nilivyoipokea, pamoja na kosa langu ambalo ndilo lililonifundisha zaidi ya kitu kingine chochote.

Kwa wasiopajua, Sotik iko katika Kaunti ya Bomet, nchi ya Wakipsigis, upande ule wa majani ya chai unaoungana na Kericho. Ukitoka Nairobi unapita Narok na Bomet, na baada ya Kaplong umefika. Mji wenyewe si mkubwa, lakini umezungukwa na mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa mithili ya zulia. Uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu huwa umelala juu ya chai, na alasiri mvua hunyesha, mara nyingine mvua ya mawe. Binti yangu anasomesha huko, na mumewe ana duka dogo la vifaa vya nyumbani.

Mimi mtu wa pwani nilifunga mizigo kipwani. Nilichukua kanga mbili mbili, vinguo vya pamba vyepesi vya mtoto, mafuta ya nazi, udi, na vitu vya kumfanyia mzazi uji. Sikuchukua hata sweta moja. Nilipomfikia binti yangu, mtoto alikuwa na siku nne, na alikuwa amezaliwa na kilo 2.2. Mtoto yeyote aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa ana uzito mdogo, na wakunga walikuwa wamemwonya mama yake juu ya jambo moja kuliko yote, nalo ni baridi. Walimfundisha kumbeba mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunika kichwa wakati wote akiwa kifuani. Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, na joto jingi hupotea hapo. Nami katika mkoba wangu wote sikuwa na cha kumfunika kichwa ila kitambaa cha pamba kilichokuwa kikivuka kila mtoto anapogeuka.

Siku ya pili akaja jirani, mama mtu mzima ambaye kiambo kizima humwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Alituamkia, "Chamgei," akapewa kiti, akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama Mombasa, kichwa cha huyu mtoto kinaona baridi." Akatoa mfukoni kofia ndogo ya uzi wa manjano, akaivisha. Ilikaa pale kama iliyopimwa. Nilipomuuliza ameinunua wapi, alicheka. Alikuwa ameifuma jana yake katika kituo cha kupimia chai, huku akingoja lori la kiwanda lije kuchukua majani. Ana shamba dogo la chai, na zile saa za kungoja lori ndizo saa zake za kufuma.

Kofia moja haitoshi, maana mtoto huilowesha na hutapika maziwa. Nikamwomba anifundishe nifume ya pili mwenyewe. Wasomaji wangu mnanijua. Mimi nimeshona kofia za wanaume tangu nikiwa msichana, na ukili haukauki mkononi mwangu. Nilidhani kufuma kofia ya kitoto kutakuwa kazi ya jioni moja. Basi tusome pamoja, kisha nitawaeleza yaliyonipata.

Tuanze na vifaa. Unahitaji sindano mbili za kufumia na bonge moja la uzi. Sindano hizi hazina tundu. Ni vijiti laini vyenye ncha upande mmoja na kifundo upande wa pili ili kazi isianguke. Madukani kwetu nyingi bado huuzwa kwa hesabu ya Kiingereza ya zamani, na hesabu hiyo huenda kinyume: namba inavyopanda, sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, na namba 10 ni milimita 3 na robo. Anayeanza achukue namba 8. Kogo mwenyewe alianza utotoni kwa spoki mbili za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe, kwa hiyo asiyekuwa na sindano asijione amefungiwa mlango.

Kuhusu uzi, tusichanganye maneno. Sufi ni ile pamba ya msufi tunayojazia mito. Sufu ni manyoya ya kondoo. Nyuzi nyingi zinazoitwa za sufu madukani si za kondoo bali ni akriliki, uzi wa kiwandani. Si mbaya, maana ni rahisi, ni laini na hufulika vizuri. Ila ujue kwamba akriliki huyeyuka kwa moto, basi usiuweke karibu na jiko. Mwenye kuanza achague uzi wa unene wa wastani na wa rangi nyepesi, kwa sababu uzi mweusi huficha vitanzi, na mwanafunzi anahitaji kuviona.

Sasa kazi yenyewe. Kufuma kote, kuanzia soksi hadi shali, ni kuvuta kitanzi kipya kutoka ndani ya kitanzi cha zamani. Hakuna zaidi ya hapo. Shika hilo, mengine yatafuata.

Kwanza ni kuanzisha vitanzi. Funga kitanzi kinachokazika, kama kile cha kufungia mbuzi, ukivishe kwenye sindano ya mkono wa kushoto. Hicho ni cha kwanza. Tia ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi hicho, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungushia uzi kwenye ncha ya kulia. Vuta ncha hiyo irudi mbele pamoja na uzi, na utaona umepata kitanzi kipya. Usikiache upande wa kulia. Kirudishe juu ya sindano ya kushoto, kando ya mwenzake. Sasa una viwili. Endelea hivyo hadi vifike 20. Usivikaze mno. Kitanzi kizuri huteleza juu ya sindano bila kulegea.

Pili ni kitanzi cha mbele. Majina haya ni ya Kogo, nami sitayabadilisha. Uzi wako uwe nyuma ya kazi. Tia sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza cha kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi, vuta kitanzi kipya kije mbele, kisha teremsha kitanzi cha zamani kitoke kwenye sindano ya kushoto. Kitanzi kipya kimebaki kulia. Ukimaliza vyote 20, safu moja imekwisha. Geuza kazi, sindano iliyojaa iwe kushoto tena, uanze safu ya pili.

Tatu ni kitanzi cha nyuma. Hapa uzi uwe mbele yako, upande wa kifua chako. Tia sindano ya kulia katika kitanzi kwa mbele, kutoka kulia kwenda kushoto, ncha ikitokea mbele ya sindano ya kushoto. Zungusha uzi, sukuma ncha irudi nyuma pamoja na kitanzi kipya, kisha teremsha cha zamani. Mkono utaona uzito mwanzoni, kwa sababu mwendo huu ni kinyume cha ule wa kwanza. Baada ya safu tano au sita utazoea.

Kwa vitanzi hivi viwili peke yake unaweza kufuma namna nyingi. Nitazitaja nne zinazomtosha anayeanza, na majina nimeyaweka ya kueleweka.

Mfumo wa matuta. Fuma kila safu kwa kitanzi cha mbele, kwenda na kurudi. Utapata matuta ya kulala pande zote mbili, kama shamba la viazi. Kitambaa chake ni kinene na hakijikunji pembeni. Hufaa kwa skafu na blanketi la mtoto.

Mfumo laini. Safu moja fuma kwa kitanzi cha mbele, safu inayofuata kwa kitanzi cha nyuma. Upande wa mbele utakuwa laini, wenye mistari ya herufi V iliyopandana, na upande wa nyuma utakuwa na vinundu. Huu ndio mfumo wa masweta mengi mnayoyaona. Kasoro yake ni kwamba kingo zake hujikunja. Usidhani umeharibu, ndiyo tabia yake.

Mfumo wa mbavu. Katika safu moja fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, hadi mwisho. Kila unapohama kutoka cha mbele kwenda cha nyuma, lete uzi mbele kati ya sindano mbili, na unaporudi urudishe uzi nyuma. Ukirudi safu ya pili, mbavu zipande juu ya mbavu. Kitambaa hiki hunyumbuka na kurudi kama mpira, ndiyo maana huwekwa kwenye mikono ya sweta, shingoni, na ukingoni mwa kofia.

Mfumo wa punje. Fuma kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, na katika safu inayofuata ubadilishe, juu ya cha mbele uweke cha nyuma. Hutoka kitambaa chenye vijipunje kama mtama uliomwagwa, kisichojikunja, kizuri kwa ukosi na kingo.

Mwisho ni kufunga. Fuma viwili vya mbele. Kwa ncha ya sindano ya kushoto, kamata kile cha kwanza ukipitishe juu ya cha pili kianguke. Kimebaki kimoja. Fuma kingine, upitishe tena. Kikibaki cha mwisho kabisa, kata uzi na uupitishe ndani yake ukaze. Funga kwa mkono mlegevu, la sivyo ukingo utajivuta.

Hayo yote Kogo alinionyesha siku moja, kibarazani, huku mvua inanyesha. Mikono yangu ilishika upesi, nami nikajisifu moyoni. Akaniambia nianzishe vitanzi 72 kwa kofia, nifume mbavu, na nihesabu kila mwisho wa safu. Kisha akaenda kuchuma chai yake.

Sikuhesabu. Nilijiambia kwamba mtu aliyeshona kofia za tundu ndogo ndogo miaka 30 hahitaji kuhesabiwa vitanzi. Nilifuma siku tatu, katikati ya kumwosha mzazi na kupika uji. Ilipofika siku ya kuimaliza nikaona mbavu zimepotea njia. Mahali pengine zilikuwa tatu tatu, mahali pengine zilikatika na kuwa punje. Nilipomvisha mtoto, kofia ilimfunika macho na pua. Mama yake aliishika mara moja na kuivua, akaicheka, kisha akaona uso wangu akanyamaza.

Kogo alipokuja aliitandaza magotini akaihesabu. Vitanzi 79. Saba nilikuwa nimevizaa mwenyewe bila kujua. Akanionyesha vilikotoka. Vingine vilitoka mwanzoni mwa safu, pale nilipoupandisha uzi juu ya sindano badala ya kuuacha uteremke chini yake, hata kitanzi cha kwanza kikaonekana kama viwili, nami nikavifuma vyote. Vingine vilitoka katikati, pale nilipohama kutoka cha mbele kwenda cha nyuma bila kuupitisha uzi kati ya sindano, nao ukapanda juu ya sindano ukawa kitanzi cha bure. Akasema kwa upole, "Mama Mombasa, fumua."

Nilikataa. Nilimwambia kwamba katika Kitabu chetu, Sura An-Nahl, aya ya 92, umetolewa mfano wa kuonya wa mwanamke aliyeusokota uzi wake hata ukawa madhubuti, kisha akaufumua vipande vipande. Tangu madrasa mfano ule ulinikaa moyoni, na sikuwahi kupenda kufumua kazi ya mkono. Kogo si wa dini yetu, lakini alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Na huyo mwanamke, uzi wake ulikuwa mbaya?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule, mtoto akiwa amelala kifuani mwa mama yake, niliifungua aya na kuisoma tena kwa utulivu, pamoja na maelezo yake. Mfano umetolewa kwa wanaovunja ahadi na viapo baada ya kuvithibitisha. Mwanamke yule aliharibu kilicho kizima. Mimi nilikuwa nalinda kilichoharibika, na nilichokuwa nakilinda kwa hakika si uzi bali ni sifa yangu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba sufu na manyoya na nywele za wanyama ni katika neema alizotupa za kutufaa. Kofia inayofunika pua ya mtoto mchanga haifai kitu. Asubuhi nikaifumua yote, nikaukunja uzi upya katika bonge.

Hapo ndipo Kogo aliponifundisha kilicho cha maana kuliko mifumo yote niliyoitaja, nacho ni kukisoma kitanzi. Alinionyesha kwamba kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma si vitu viwili. Ni kitanzi kimoja kinachotazamwa pande mbili. Kinachoonekana V upande huu ni kinundu upande wa pili. Ndiyo maana ukigeuza kazi, vya mbele vinakuwa vya nyuma na vya nyuma vinakuwa vya mbele.

Kwa hiyo huna haja ya kukariri umefika wapi. Tazama kitanzi kilicho mbele yako kwenye sindano ya kushoto. Kama shingo yake iko wazi na chini yake unaona V, hicho unakiona kwa mbele. Kama kina uzi uliolala kwa upana chini ya shingo, kama mwanamke aliyejifunga mtandio, hicho unakiona kwa nyuma. Katika mfumo wa mbavu, fuma unachokiona: penye V fuma cha mbele, penye mtandio fuma cha nyuma. Katika mfumo wa punje, fuma kinyume cha unachokiona. Ukiitwa mlangoni, mtoto akilia, adhana ikaadhiniwa, weka kazi chini. Ukirudi, kitanzi chenyewe kitakuambia ulipokuwa.

Mwenye kujua kusoma kitanzi hababaiki hata kikianguka. Kitanzi kilichoponyoka hushuka safu kwa safu na kuacha vijiuzi vya kukingama kama vipandio vya ngazi. Usivute kitu. Chukua kulabu ya kufumia vitambaa vya meza, ambayo wengi wetu pwani tunayo. Geuza kazi upande ambao kitanzi kile kinaonekana V. Tia kulabu ndani yake kutoka mbele, kamata kipandio cha chini kabisa, ukivute kipite ndani ya kitanzi. Kisha cha juu yake, na cha juu yake, hadi ufike kwenye sindano. Kosa limekwisha na hapana ajuaye.

Baada ya hapo nilifuma kofia kwa siku mbili. Nawapa kipimo chake kwa mtoto mchanga, kwa sindano za namba 8 na uzi wa wastani. Kwanza fuma kipande kidogo cha vitanzi 22 kwa mfumo laini ukipime. Kikiwa karibu na sentimita 10 kwa upana, mkono wako ni sawa. Kikizidi, tumia sindano nyembamba zaidi, na kikipungua, tumia nene zaidi.

Anzisha vitanzi 72. Fuma mbavu za viwili viwili safu 10. Kwa kuwa 72 hugawanyika kwa 4, kila safu itaanza na viwili vya mbele na kuisha na viwili vya nyuma. Kisha fuma mfumo laini hadi kazi ifike sentimita 14 tangu mwanzo, na umalizie kwa safu ya vitanzi vya nyuma. Safu inayofuata, fuma viwili viwili kwa pamoja kwa mwendo wa mbele, yaani tia sindano ndani ya vitanzi viwili kwa mara moja na utoe kimoja. Vitabaki 36. Fuma safu moja ya vitanzi vya nyuma. Rudia kufuma viwili kwa pamoja, vibaki 18. Kata uzi ukiacha kama sentimita 40, utie katika sindano butu ya kushonea yenye tundu kubwa, uupitishe ndani ya vile 18 vyote huku ukivitoa kwenye sindano ya kufumia, uvute hadi vikutane, ukaze. Kwa uzi huo huo shona ubavu wa kofia kutoka juu kwenda chini, na mwisho wa uzi uufiche ndani. Usitie utepe wa kufunga kidevuni wala ushanga, kwa usalama wa mtoto. Ifue kwa sabuni isiyo kali kabla ya kumvisha.

Huenda msomaji wa Malindi au Likoni akauliza: sisi na joto hili tunafumia nini? Ninayo majibu matatu. Watoto wetu wanakwenda kusoma na kufanya kazi bara, na wajukuu wetu wanazaliwa huko. Watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao wanahitaji kofia hata Mombasa. Na ufumaji ni kazi ya ndani, ya saa za vipande vipande, inayomfaa mama mwenye watoto wadogo. Anayejua kufuma vizuri anaweza kuuza, kwa kuwa shule haziishi kuhitaji masweta.

Tena tusidhani kazi hii ni ngeni kwetu Waislamu. Miongoni mwa vitu vikongwe zaidi vilivyofumwa kwa namna hii na kubaki hadi leo ni vipande vya soksi za pamba vilivyopatikana Misri, vya rangi ya buluu na nyeupe, vilivyotengenezwa katika zama za Kiislamu, kati ya karne ya 11 na ya 14. Baadhi yake vina mapambo ya mfano wa hati ya Kikufi. Na huko Burgos, Uhispania, katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa, ambao ukingoni mwake limerudiwa rudiwa neno la Kiarabu "baraka". Wafumaji wanaaminika kuwa mafundi Waislamu wa nchi ile. Kitanzi chao ni hiki hiki alichonifundisha Kogo.

Siku ya arobaini ilipofika, mtoto alikuwa amevuka kilo 3. Tulipika pilau, tukamwalika Kogo. Alikuja na mursik ya kumletea mzazi, nami nikampa ukili niliokuwa nimeuleta mkobani ukiwa haujaisha. Alikuwa ameniomba nimfundishe. Alipokosea njia ya tatu alisimama mwenyewe, akautazama, akaanza kuufumua bila kuambiwa na mtu. Nikamwambia, "Kongoi, Kogo," naye hakuuliza ninashukuru nini.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutaendelea na kuongeza na kupunguza vitanzi, ili tuweze kufuma soksi za mtoto. Hadi hapo, kila mmoja wenu afume mraba wa vitanzi 20 kwa kila mfumo niliouandika, na ahesabu kila mwisho wa safu. Mkikosea, fumueni.